Waya ni Wetu, Huruma Tumewaachia Wengine

Miaka michache iliyopita, katika usharika mmoja hapa Bunda tuliokuwa tukiuhudumia, binti mmoja alileta ombi mbele ya baraza la wazee. Alikuwa mtoto wetu wa Kipaimara, mwimbaji wa kwaya ya vijana, na alikuwa amemaliza masomo ya afya ya mifugo. Aliomba vitu viwili: barua ya utambulisho na nauli ya basi mpaka Uganda. Alitaka kujitolea kwa miezi mitatu katika kituo kinachookoa na kulea sokwe yatima, ndani ya msitu wa mvua.

Mzee mmoja aliuliza kama binti anakwenda kunyonyesha nyani. Baraza likacheka. Na sisi, tuliokalia kiti cha mwenyekiti, tulicheka pia, kidogo, kwa adabu ya kichungaji, kisha tukaita ajenda inayofuata. Ajenda iliyofuata ilikuwa ununuzi wa spika za kwaya. Ilipita bila mjadala. Nauli aliyoomba yule binti haikufika hata robo ya bei ya spika moja.

Tumeanza na habari hiyo ili msomaji ajue kwamba maneno makali yanayofuata yanatupiga sisi kwanza.

Tunasema hivi: kumtunza mnyama aliyeumizwa na mwanadamu ni kazi ya Kikristo, tena inatudai sisi Wakristo wa Bunda, tunaolala tukisikia fisi wa Serengeti, kabla ya kumdai Mjerumani au Mmarekani yeyote. Tumeikwepa kazi hiyo kwa kicheko, na kwa methali zetu, na kwa mstari mmoja wa Mwanzo tunaoushika kama rungu.

Kwanza tueleze yatima wa sokwe anapatikanaje, maana wengi wetu tunadhani aliokotwa tu njiani kama paka. Sokwe mama hamwachi mtoto wake. Mtoto hunyonya kwa miaka minne au mitano, akibebwa tumboni, kisha mgongoni. Ukimtaka mtoto huyo akiwa hai, lazima umuue mama yake, na mara nyingi unaua na wengine wanaokuja kumtetea. Mama anakuwa nyama sokoni. Mtoto, ambaye hana nyama ya kutosha hata sufuria moja, anafungwa kamba kiunoni na kutafutiwa mnunuzi. Wengi hufa kabla hajapatikana. Anayekamatwa na askari akiwa bado anapumua ndiye anayefikishwa kituoni, na kamba imekwisha kumla ngozi.

Kazi inaanza hapo. Sokwe akitunzwa vizuri anaweza kufika miaka hamsini, na aliyelelewa na watu tangu utotoni ni vigumu sana kumrudisha porini, kwa sababu hakufundishwa na mama yake majani ya kula wala watu wa kukimbia. Hesabu yake basi ni hii: risasi moja ya dakika moja inazaa nusu karne ya uji, matunda, dawa na usafi wa vyumba. Aliyepiga risasi amekwisha kula na kusahau. Anayelipa ni mtu mwingine, kila asubuhi, mpaka azeeke.

Mahali pamoja panapolipwa deni hilo ni Kisiwa cha Ngamba, upande wa Uganda, kama kilomita 23 kutoka Entebbe. Kiko katika ziwa letu hilihili. Mvuvi wa Ghuba ya Speke na sokwe wa Ngamba wanatazama maji mamoja. Kituo kilianzishwa mwaka 1998, na sokwe wapatao hamsini wanaishi pale katika msitu wa ekari zinazokaribia mia moja. Mchana wanazunguka msituni, jioni wanarudi kulala katika vyumba vyao. Msitu huo ni mdogo, hauwezi kuwalisha wote, kwa hiyo wanaongezewa chakula kila siku.

Cha pili kipo Lwiro, Kivu ya Kusini, karibu na Hifadhi ya Kahuzi-Biega. Kilianza mwaka 2002, Kongo ikiwa vitani. Tafakari hilo, ndugu msomaji. Katikati ya vita, watu ambao wao wenyewe walikuwa wamekimbia na kuzika, waliamka asubuhi kuwakatia ndizi watoto wa sokwe. Na kina mama na kina baba wanaofanya kazi hiyo wanazungumza Kiswahili, wala si cha kujifunzia kitabuni.

Hapo tunalikuta pingamizi la kwanza, lile la kwamba haya ni mambo ya Wazungu. Washarika wetu hulisema kwa uhakika mkubwa. Tunawajibu kwa jina la mtu mmoja tu: André Bauma. Ni Mkongo, mlezi katika kituo cha Senkwekwe kule Rumangabo, Hifadhi ya Virunga, kituo kinacholea sokwe wale wakubwa wa milimani. Mwaka 2007 aliletewa mtoto mchanga wa miezi miwili, aliyekutwa ameng'ang'ania mwili wa mama yake aliyepigwa risasi. Wakamwita Ndakasi. Ule usiku wa kwanza Bauma alimlaza kifuani pake ili asife kwa baridi. Miaka kumi na minne baadaye, tarehe 26 Septemba 2021, Ndakasi aliugua akafa akiwa ameegemea kifua kilekile. Katika hifadhi hiyohiyo, Aprili 2020, askari kumi na wawili wa wanyamapori waliuawa katika shambulio moja. Walikuwa Wakongo, wenye wake na watoto. Atakayetuambia kwamba huruma kwa wanyama ni anasa ya Wazungu walioshiba, akayaseme hayo kwa wajane wa Rumangabo.

Hata hivyo tusiwe wanafiki upande wa pili. Wapo wageni wanaokuja kujitolea kwa wiki mbili, wamelipa fedha nyingi, na wanachokitaka ni picha ya kumkumbatia mtoto wa sokwe. Picha hiyo inasambazwa, na mtu tajiri mahali fulani anaiona na kutamani sokwe wa kwake, na mwindaji anapata soko. Vituo vinavyojiheshimu vinakataa mchezo huo. Mtu wa kujitolea anatakiwa kupimwa kifua kikuu na kuonyesha chanjo zake, kwa kuwa sokwe anaambukizwa mafua yetu na anaweza kufa nayo. Anapewa barakoa na ndoo. Atamenya matunda, atafagia, ataosha sakafu, ataandika nani amekula na nani hakula, na anaweza kuondoka bila kumgusa sokwe hata mmoja. Huo ndio utumishi aliouomba binti yetu, na aliujua, kwa maana alitusomea masharti yake kwenye simu kabla hatujacheka.

Sisi Walutheri ndio tungepaswa kuwa wa mwisho kucheka. Mwaka 1522 Martin Luther aliandika kuhusu ndoa, na mahali fulani anamzungumzia baba anayefua nepi za mtoto wake huku majirani wakimcheka kwamba amekuwa kama mwanamke. Luther anasema wacheke tu: Mungu na malaika zake wanamfurahia baba yule, kwa kuwa anafua kwa imani. Tumelihubiri fundisho hilo la wito mara nyingi, tukilitumia kwa fundi cherehani, kwa muuza dagaa, kwa dereva wa bodaboda. Alipotokea mtu anayetaka kuosha sakafu ya sokwe kwa imani, tukawa wale majirani.

Tuje sasa kwenye mstari wa Mwanzo. Kila tunapogusa jambo hili kwenye jumuiya, mtu husimama na Mwanzo 1:28: tumepewa kutawala. Ni kweli, imeandikwa. Lakini tunaomba wasomaji hao waendelee kusoma aya mbili tu mbele, waone Mungu anawapangia watu na wanyama chakula chao kwa pamoja, kama watoto wa sinia moja. Kisha wafike 2:15, ambapo mtu anawekwa bustanini ili ailime na kuitunza. Mtawala anayekula raia zake tunamjua kwa jina lingine katika siasa; kwa nini tumwite mcha Mungu akiwa porini? Na wafungue Kumbukumbu la Torati 22, aya ya 6 na ya 7. Pale Torati inamruhusu mtu mwenye njaa kuchukua makinda kwenye kiota, lakini inamkataza kumchukua mama pamoja na makinda. Mama aachwe aende. Biashara ya sokwe imeigeuza amri hiyo kichwa chini miguu juu: mama anauawa ili mtoto achukuliwe.

Msomaji atasema, mchungaji, hapa Bunda hakuna sokwe. Hakuna, ila mbega wa kandokando ya Mto Grumeti na nyani wanaotuibia mahindi. Hiyo ni kweli. Lakini sisi tuna waya.

Tunaweza kuuelezea mtego huo tukiwa tumefumba macho, kwa sababu kila mtu hapa anaujua. Tairi la gari linachomwa moto mpaka mpira uishe, zinabaki nyaya za chuma. Zinasokotwa, zinafungwa kitanzi, zinawekwa kwenye njia ya wanyama wanapokwenda kunywa maji. Nyumbu wanapofika upande wetu, kuanzia Mei mpaka Julai, vitanzi vinawekwa kwa makumi. Aliyeviweka hakumbuki vyote viko wapi. Waya hauchagui, wala haujui kwamba kijiji kina njaa. Unamkamata nyumbu, unamkamata twiga mguu, unamkamata simba shingo, unamkamata ndama wa tembo mkonga. Mnyama mwenye nguvu hukata waya na kwenda nao, na kila siku unazama zaidi. Tangu mwaka 2017 kipo kikosi maalumu Serengeti ambacho kazi yake ni kutembea kwa miguu na kukusanya nyaya hizi. Kwa miaka yote hiyo nyaya hazijaisha. Zinatoka vijijini, na vijijini ndiko kwenye sharika zetu.

Tutasema na lingine. Siku moja, baada ya kubariki ndoa, tulikaribishwa nyumbani kwa mshirika na tukaandaliwa nyama. Tuliijua kwa ladha ya kwanza. Mwenye nyumba alitutazama, nasi tukamtazama, hakuna aliyesema neno. Tulikula. Mchungaji aliyekula nyama ile hawezi kumhubiria mtu akiwa amesimama juu ya mimbari. Anazungumza akiwa ameketi mezani, na sahani ingali mbele yake.

Tunajua pia kwamba mama aliyeipika hakuwa na mboga nyingine wiki ile. Hatutamtia hatiani. Tunayemsema ni yule anayepakia magunia mawili kwenye pikipiki usiku, anauza mjini, kisha Jumapili ya mavuno anakuja na sadaka nono nasi tunampigia makofi kwenye mnada. Huyo hana njaa. Ana biashara, na tumeibariki.

Sasa tembo. Hili ndilo pingamizi lenye uzito, na tunaomba tusidhaniwe kwamba tunalipita kwa wepesi. Tumesimama makaburini Bunda tukimzika mtu aliyekanyagwa na tembo akitoka kulinda shamba lake. Tumeona ekari tatu za mtama zikiisha kwa usiku mmoja, na baba mwenye shamba ameketi kando, hata kulia hawezi. Kanuni za mwaka 2011 ziliweka kifuta machozi cha shilingi 1,000,000 kwa familia ya aliyeuawa na mnyama, na kifuta jasho cha shamba kinachoanzia shilingi 25,000 kwa ekari, tena kwa masharti ya umbali na ya ukubwa wa shamba. Shilingi 25,000 hazirudishi hata mbegu na vibarua. Ni aibu, na kanisa lilipaswa kuisema aibu hiyo kwa sauti kubwa kuliko lilivyofanya. Mkristo wa Ulaya anayempenda tembo kwenye televisheni anadaiwa na mkulima wa Bunda, na adaiwe.

Lakini tuulize: waya umemlipa nani fidia? Tembo aliyekula mtama wa baba yule bado anatembea. Aliyenaswa ni nyumbu aliyekuwa akipita zake, na ndama asiyejua shamba ni nini. Tunalipiza kwa asiyehusika, halafu tunaita haki. Musa alipowaandikia Israeli kuhusu punda wa adui aliyeanguka chini ya mzigo, Kutoka 23:5, hakusema kwanza mchunguze kama adui huyo amekwisha kukulipa. Alisema msaidie kumwinua. Amri ile haikusubiri ugomvi uishe. Mkulima anaweza kumfukuza tembo kwa tochi, kwa vuvuzela na kwa moshi wa pilipili, akaandika barua kali kwa mkuu wa wilaya, na asubuhi yake akamwita askari kwa ajili ya ndama mwenye waya mkongani. Mtu yuleyule. Tumewaona watu wa namna hiyo katika vijiji vya mpakani. Ni wachache, na wengi wao si washarika wetu, jambo linalotuuma.

Pingamizi la mwisho tutalijibu kwa kifupi, kwani linatuchosha: kwamba tuwalee kwanza yatima wa watu. Vema. Tulifungua daftari la usharika ule mwaka ambao binti alikataliwa, tutazame ni yatima wangapi tuliwalipia ada. Walikuwa wawili, tena kwa muhula mmoja. Nauli yake haikumnyang'anya yatima yeyote. Ilinyang'anywa na spika.

Wengine watauliza kama ni lazima mtu awapende wanyama. Si lazima. Mwalimu Nyerere, mtoto wa Butiama jirani zetu, anakumbukwa kwa kusema kwamba yeye binafsi hakuwa na hamu ya kutumia likizo yake akiwatazama mamba. Lakini ni Mwalimu huyohuyo aliyetoa Tamko la Arusha la Septemba 1961 kuhusu wanyamapori, Uhuru ukiwa bado miezi mitatu, akaifunga nchi mpya kwa ahadi ya kuwatunza kwa ajili ya wajukuu. Hakuhitaji kumpenda mamba ili ajue kwamba amekabidhiwa kitu. Na Luther, anapoeleza sehemu ya kwanza ya Imani katika Katekisimo Ndogo, anamtaja mwanadamu na viumbe vyote kwa pumzi moja. Watoto wetu wa Kipaimara wanaikariri sehemu hiyo mbele ya madhabahu, na wazazi wanapiga picha. Hatukumbuki hata mwaka mmoja ambapo tulimwuliza mtoto hao viumbe wengine ni nani na wako wapi. Wako kilomita chache tu kutoka kanisani, nyuma ya geti la Ndabaka.

Mwaka huu tulipeleka jambo hili tena kwenye baraza, katika usharika tunaouhudumia sasa. Tuliomba matatu: kijana yeyote anayetaka kujitolea katika kituo cha wanyama, Ngamba, Lwiro au hapa nchini, apewe barua na nauli kama anayekwenda kwenye uinjilisti, somo la uumbaji katika Kipaimara lifundishwe siku moja nje ya darasa, pamoja na askari wa hifadhi, na Jumapili ya mavuno pawekwe kapu mlangoni ambamo mtu anaweza kuacha waya bila kuulizwa jina. La kwanza na la pili yalipita kwa kura chache. La kapu lilizua kelele. Mzee mmoja alisema tunageuza kanisa kuwa kituo cha polisi. Mwingine, ambaye hatukumtarajia, alinyamaza muda wote, na kikao kilipofungwa alitusubiri chini ya mwembe, akauliza kama ni lazima kungoja mavuno.

Barua ya yule binti tumeiandika, kwa kuchelewa, ina mhuri na sahihi. Tulimpigia simu. Siku hizi ana kibanda cha kutuma na kupokea fedha karibu na stendi, na ana mtoto wa miezi minane. Alitusikiliza vizuri, akatushukuru, akasema, "Shikamoo baba mchungaji, nitapitia nikipata nafasi, hapa nina foleni." Barua iko kwenye droo ya ofisi.